Ngumi ya Radi, Sehemu ya Pili

Sehemu ya kwanza hatukuwahi kuiona.
Mjomba Thurman alisema haina lazima:
Radi alikufa raundi ya kumi na mbili,
akazikwa, mvua ikanyesha, mama yake akazimia,
basi.

Sehemu ya pili inaanza Radi anakunywa kahawa.
Hakuna anayeshtuka.
"Ulikuwa wapi?" anauliza kocha, wigi limeinamia sikio.
"Mbali," anajibu Radi,
na midomo yake inaendelea kutembea
neno likiwa limeshakwisha.

Jaladani kuna chui na gari linaloungua.
Chui hayumo.
Gari limo, ila haliungui;
lilikuwa la mke wa mtayarishaji,
na Jumatatu alilitaka la kwendea kazini.

Waliipiga hapahapa Youngstown, usiku tisa,
katika ukumbi wa viatu vya magurudumu uliofungwa kwa deni.
Kengele ilikuwa mfuniko wa sufuria.
Damu ilikuwa rojo la nyanya na sukari,
na nzi mmoja aliipenda sana,
yumo kuanzia raundi ya tatu hadi mkanda unakabidhiwa,
ndiye aliyeigiza vizuri kuliko wote.

Watazamaji elfu kumi wa fainali ya dunia
walikuwa watu thelathini na wanne.
Kiwanda cha chuma kilikuwa kimewarudisha nyumbani,
wakaja kwa dola sita na mkate wa nyama.
Wakishapigwa picha upande huu
wanakimbilia upande ule, wanabadilishana kofia.
Yule mama wa kofia ya manjano anayezirai roshani
ndiye huyohuyo, hana kofia, anayemtupia Radi ua.

Mjomba yumo mara tano.
Anauza njugu. Anamshangilia Radi.
Anamzomea Radi. Amelala (hiyo haikupangwa).
Na mara ya tano:
Bwana Barafu, adui, amepanda ulingoni na koti lake la manyoya,
anarusha ngumi inayopita nusu mita kutoka shavuni,
Radi anaanguka hivyohivyo,
kishindo kinamfikia akiwa ameshalala,
na nyuma ya kamba Thurman Gaskins, miaka ishirini na tisa,
meno yote, bila kazi, bila kofia,
anageuka, anaitazama kamera, anacheka.

Sekunde tatu.
Hapo kanda imechakaa kama goti la suruali.

Jumamosi tulimzika.
Jioni nyumba ilijaa makaroni ya watu wa kanisa,
mkewe, Earlene, akaivuta deki kutoka chini ya kabati,
akaipuliza vumbi, akaipiga kofi moja ubavuni
kama yeye alivyokuwa akiipiga.
Watoto wakacheka mpaka wakakohoa:
kipaza sauti kinaning'inia juu ya kitanda cha wapenzi,
refa anasoma maneno kiganjani mwake.
"Lakini si alikufa?" Kizzy akauliza.
"Stelingi hafi," akasema babu mmoja kutoka jikoni,
mdomo umejaa kuku.
Halafu kimya, wakubwa tu, muda mrefu kidogo.

"Rudisha," akasema Earlene.
Tukarudisha.
"Rudisha."
Theluji ikapanda kutoka chini ya kioo,
ikala mabega, ikala kidevu,
ikabaki paji na lile jicho moja linalocheka.
Mpwa wangu akasema hii inaweza kuingizwa kwenye simu,
isafishwe, mistari itoke.
Earlene hakumjibu. Alikuwa ameinama karibu na spika.

Kicheko chenyewe hakisikiki.
Hawakuwa na fedha za kurekodi umati,
wakanunua kelele za mashindano ya farasi.
Ukitega sikio, pale anapofungua kinywa,
unasikia watu wengi sana, mbali,
na chini yao, kwato.